Namna ya kutengeneza kitabu cha picha kwa watoto wa kandokando ya ziwa

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa awali, mzazi, mkutubi au kijana yeyote wa Mwanza, Magu, Sengerema au Ukerewe mwenye hadithi ya watoto kichwani na asiyejua aanzie wapi. Huhitaji kuwa na mchapishaji wa Dar es Salaam ili uanze. Unahitaji karatasi 4 za A4, penseli, mtu anayejua kuchora (pengine ni wewe mwenyewe) na watoto wachache wa kukusikiliza. Ukifuata hatua hizi utapata kitabu cha kurasa 16 chenye jalada, ambacho mtoto anaweza kukishika, kukifungua mara mia na kurudi nacho kesho.

Kuna jambo moja nalitanguliza kwa sababu kila hatua inalitegemea. Katika kitabu cha picha, maneno na picha hugawana kazi. Maneno yakisema "Nyamizi amevaa gauni jekundu" na picha ikaonyesha gauni jekundu, kimoja kati ya hivyo viwili kimekaa bure. Mtoto ambaye bado hajui kusoma huikagua picha kwa makini kuliko mtu mzima anayemsomea. Mwachie kitu cha kugundua ambacho msomaji wake hajakitamka. Siku atakapokwambia "Mwalimu, mbona hukuona hili?", ujue kitabu kinafanya kazi.

Hatua ya 1: Tafuta hadithi ndogo iliyo karibu

Wengi wakiombwa hadithi ya watoto hukimbilia sungura na fisi, au mtoto mtukutu anayepatwa na makubwa hadi ajifunze kusikia la mkuu. Hadithi hizo tunazo, na tuendelee kuzisimulia. Ila mtoto wa Igogo au Kayenze ana dunia yake ambayo haijaingia vitabuni vya kutosha. Nenda mwalo wa Kirumba asubuhi mitumbwi inapofika. Tazama akina mama wanavyomwaga dagaa kwenye chanja na kuwatandaza kwa mikono. Tazama mwewe wanavyozunguka juu, na korongo wakubwa wenye upara wanavyosimama kando kama wazee wanaongoja kikao kianze. Panda Mabatini au Isamilo uone nyumba zilivyobanana na miamba. Juu ya miamba hiyo utamkuta mjusi dume mwenye kichwa cha rangi ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu, akipiga pushapu juani. Kila mtoto wa Mwanza anamjua mjusi huyo. Mara ngapi amemwona kitabuni?

Simulizi za wazee nazo ni hazina. Usukumani wanasimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yao, na kijana Masala Kulangwa aliyeliua na kuwatoa waliomezwa. Lakini hadithi hiyo ni kubwa, na ukiibana yote katika kurasa 16 itageuka muhtasari. Ukiitaka, chagua kipande chake kimoja, kwa mfano kijana anapomuuliza mama yake kwa nini kijiji kizima hakina mtu mwingine. Kisha kaa hapo.

Kipimo changu cha hadithi ya kitabu cha picha ni hiki: kuna mtoto, kuna anachokitaka au alichokabidhiwa, kuna kinachomzuia, na mwishoni yeye mwenyewe ndiye anayefanya kitu. Mtu mzima akitokea kwenye ukurasa wa mwisho kuja kutatua kila kitu na kutoa nasaha, hadithi imenyang'anywa mwenyewe.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia hadithi moja hadi mwisho wa mwongozo. Nyamizi ameambiwa na bibi yake alinde dagaa wanaokauka. Korongo wanakuja kuiba. Akimfukuza huyu, yule anatua nyuma yake. Wanaongezeka. Halafu ghafla wote wanaruka na kwenda zao, bila kufukuzwa. Nyamizi anajiuliza wamekimbia nini, anageuka, anaona wingu jeusi linakuja kutoka ziwani. Anawahi turubai, dagaa wanapona. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na kwa kurasa 16 inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Amua unamwandikia nani

Mtoto wa awali na wa darasa la kwanza, anayejifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), anahitaji sentensi moja au mbili kwa ukurasa na picha kubwa. Mtoto wa darasa la tatu hadi la tano anaweza kubeba sura fupifupi zenye picha moja moja. Usijaribu kuwaandikia wote kwa mkupuo.

Kama moyo wako uko kwa hao wakubwa kidogo, mada mpya zimetuzunguka. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa takriban kilomita 3, na mahali ambapo watu walikuwa wakipanga foleni kungoja kivuko sasa magari yanapita moja kwa moja. Mtoto ambaye mama yake alikuwa akiuza karanga na mayai kwenye foleni ile anaishije leo? Hiyo ni hadithi ya sura sita au saba, yenye uchungu na matumaini ndani yake, na ningependa sana kuisoma. Lakini kwa sasa turudi kwa wadogo.

Hatua ya 3: Kunja karatasi kabla ya kuandika

Chukua karatasi 4 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kijitabu cha kurasa 16 zenye ukubwa wa A5. Kila karatasi ukiikunja hutoa kurasa 4, ndiyo maana vitabu vya kubana katikati huwa na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mashine hukunjwa katika mafungu ya kurasa 8 au 16. Kwa kitabu cha kwanza, 16 zinatosha.

Andika namba kwa penseli kwenye kona. Ukurasa wa 1 ni jalada. Wa 2 ni wa taarifa: jina la mwandishi, jina la mchoraji, mwaka na haki. Wa 16 ni jalada la nyuma. Hadithi inaanza ukurasa wa 3, ukurasa mmoja peke yake, kisha zinafuata kurasa pacha sita: 4 na 5, 6 na 7, 8 na 9, 10 na 11, 12 na 13, 14 na 15. Kwa hiyo una mlango mmoja wa kuingilia na vituo sita. Hadithi yako lazima ikae humo.

Hivi ndivyo Nyamizi anavyokaa. Ukurasa wa 3, Bibi anamkabidhi kazi. Kurasa 4 na 5, korongo wa kwanza anatua, anafukuzwa. 6 na 7, wanakuja wawili, watatu, wengi. 8 na 9, picha moja pana isiyo na neno lolote. 10 na 11, korongo wote wanaruka. 12 na 13, Nyamizi anageuka. 14 na 15, mvua inanyesha juu ya turubai.

Zingatia mambo mawili hapo. La kwanza ni kufunua ukurasa. Swali liwekwe chini ya ukurasa wa kulia, jibu lingoje upande wa pili. Ukurasa wa 11 unaishia na "Wamekimbia nini?" na mkono wa mtoto unakwenda wenyewe kufunua. Ukiweka swali upande wa kushoto na jibu kulia, jicho linaona vyote kwa pamoja na hamu inakufa. La pili ni ukurasa wa katikati. Kurasa 8 na 9 ziko kwenye karatasi moja isiyokatika, kwa hiyo picha inayovuka mkunjo haitapishana hata ukishona vibaya kidogo. Picha yako kubwa kuliko zote iweke hapo.

Hatua ya 4: Andika, halafu punguza

Andika hadithi yote kwa pumzi moja bila kujizuia. Rasimu ya kwanza ya ukurasa wa 3 mara nyingi huwa hivi:

"Siku moja asubuhi na mapema, msichana mmoja mzuri aitwaye Nyamizi, aliyekuwa akiishi na bibi yake kando ya Ziwa Victoria, alikuwa ameketi juu ya mwamba mkubwa akiwa amevaa gauni jekundu, akilinda dagaa waliokuwa wameanikwa juani."

Sasa uliza kila neno: je, picha itakusema? Asubuhi itaonekana kwa vivuli virefu. Ziwa, mwamba, gauni, dagaa na jua vyote vitaonekana. "Mzuri" halina kazi. Kinachobaki ni kile ambacho picha haiwezi kukisema, yaani sauti na agizo:

"Nyamizi, linda dagaa," Bibi alisema.
"Sawa, Bibi."
Akashika jani la mgomba.

Usihesabu maneno kama wanavyofanya wenye lugha za maneno mafupi. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "hawajatuletea" ni neno moja tu, lakini lina silabi 7, na mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi akifika mwisho amesahau mwanzo. Kwa darasa la kwanza jitahidi neno lisizidi silabi 4 au 5, na vitenzi virefu vyenye viambishi vingi uvivunje. Badala ya "aliyemkimbilia" sema "alimkimbilia", au bora zaidi "akakimbia". Silabi zenye ng', nyw na ndw zisijazane kwenye sentensi moja.

Tumia tanakali za sauti bila woga. Watoto wanazipenda kuliko chochote kwa sababu wanaweza kuzitamka pamoja na wewe. Jiwe linatumbukia majini chubwi. Mzigo unaanguka pu. Watu wanakaa kimya ji. Usiku ni giza totoro, mtoto amelala fofofo. Zichague zile ambazo mtoto anazisikia nyumbani kwao.

Weka kiitikio. Katika hadithi ya Nyamizi kila korongo anapotua, msomaji anasema "Shuu! Toka! Hawa dagaa wa Bibi!" Ikifika mara ya pili watoto wameshashika, mara ya tatu utawakuta wanakutangulia. Kisha ukurasa wa 10 uvunje desturi hiyo:

Mara korongo wote wakaruka.
Nyamizi hakusema shuu.
Hakusema toka.
Wamekimbia nini?

Mstari wa swali upeleke ukurasa wa 11, chini kabisa.

Kuhusu lugha ya nyumbani: watoto wengi wa huku wanaingia shule na Kisukuma, Kikerewe au Kijita mdomoni. Neno moja au mawili ya nyumbani hayaharibu kitabu cha Kiswahili. Bibi akimsalimu jirani "Mwangaluka, mayu" na picha ikaonyesha amepiga goti na kupokea mkono, kila mtoto ataelewa, na yule ambaye nyumbani kwao husema hivyo atatabasamu. Usiweke maelezo chini ya ukurasa. Picha imeshaeleza.

Hatua ya 5: Chora kwa macho ya mtoto wa mwaloni

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko popote.

Anza na michoro midogo, kila ukurasa mstatili wa ukubwa wa kiberiti, ili uone vituo vyote sita kwa mara moja. Tazama kama Nyamizi yuko ukubwa uleule kila mahali. Kama ndivyo, badilisha: mara moja awe mdogo kabisa kati ya mwamba na maji, mara moja uso wake ujaze ukurasa. Mwelekeo nao una maana. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayekwenda kulia anaonekana kusonga mbele, na anayekuja kutoka kulia anaonekana kuzuia. Korongo watoke kulia.

Sasa lile wingu. Maneno hayalitaji hadi ukurasa wa 12. Lakini picha ilianze mapema: kurasa 4 na 5, kipande kidogo cha kijivu kwenye upeo wa ziwa; 6 na 7, kimekua; 8 na 9, limefunika theluthi ya anga, nyuma kabisa ya mgongo wa Nyamizi anayewatazama ndege. Mtoto anayetazama picha atalijua wingu kabla ya Nyamizi. Atapiga kelele, "Geuka! Mvua!" Maneno yako hayajasema lolote, na darasa zima limesimama. Kitabu cha picha kinaweza hili, na hadithi ya kusimuliwa kwa mdomo peke yake haiwezi.

Mjusi wa waridi na buluu mweke kila ukurasa mahali tofauti, bila kumtaja. Mtoto aliyekwisha kuijua hadithi kwa moyo atapata sababu nyingine ya kufungua kitabu.

Uwe mkweli katika vitu vidogo. Ukichora wavuvi wa dagaa usiku, taa zao zikimulika maji, usiweke mwezi mpevu juu yao. Dagaa huvuliwa kwa mwanga wa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Mtoto ambaye baba yake hushinda nyumbani siku za mwezi mpevu ataliona kosa hilo papo hapo, na baada ya hapo hatakuamini kwa lolote. Vivyo hivyo usimchanganye dagaa na sangara kwa ukubwa, usiweke minazi ya pwani kwenye fukwe za Nyegezi, na mtumbwi wa mbao uwe na mbao zinazoonekana. Miamba yetu si ya mviringo tu: mingi imepasuka kwa mistari iliyonyooka, imebebana, na nyufa zake zina majani. Nenda ukatazame Bismarck Rock kwa dakika chache ukiwa na daftari. Ukiweza kuvuka kwenda Saanane utakutana na miamba, mijusi na pimbi kwa pamoja.

Vifaa visikutishe. Penseli, kalamu nyeusi ya wino usiofutika na rangi za maji vinatosha. Vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, ukivikata na kuvibandika viwe gauni la Nyamizi na khanga ya Bibi, vinapendeza sana kitabuni na havina gharama. Chora kwa ukubwa wa A4 hata kama ukurasa ni A5, kwa sababu picha ikipunguzwa mistari hukaza. Acha nafasi tulivu ya maneno tangu mwanzo, anga au mchanga, usije ukalazimika kuandika juu ya uso wa mtu.

Kama mchoraji ni mtu mwingine, andikianeni kabla ya kazi kuanza. Karatasi moja inatosha: atalipwa kiasi gani na lini, au mtagawana mauzo kwa uwiano gani, michoro halisi itabaki kwa nani, na je, kitabu kikitafsiriwa au kuchapwa upya atapata nini. Majina yote mawili yakae kwenye jalada kwa ukubwa uleule. Mchoraji wa kitabu cha picha ni mwandishi wa nusu ya hadithi.

Hatua ya 6: Wapelekee watoto kabla ya kupaka rangi

Chukua kijitabu chako cha penseli, kaa na watoto watano au sita mahali penye mwanga. Kwanza funika maneno, waambie wakusimulie kutokana na picha. Wakikwama, picha ya ukurasa huo haijaeleweka. Kisha soma kwa sauti, na macho yako yawe kwa watoto. Wanapoanza kuchezea mchanga au kutazama dirishani, weka alama ndogo kwenye ukurasa huo. Wanapocheka mahali ambapo hukutarajia, weka alama nyingine.

Usiwaulize "Mmeipenda?" Watoto wetu wamefundishwa adabu, watajibu "Ndiyo, mwalimu." Waulize "Halafu ikawaje?" na "Huyu anafikiria nini?" Kama hakuna aliyeliona wingu kwenye kurasa 8 na 9, liongeze ukubwa. Kama wote waliliona tangu ukurasa wa 4, lipunguze. Mkabidhi mtoto wa darasa la pili asome mwenyewe kwa sauti, na kila neno analorudia mara mbili ulipigie mstari. Hayo ndiyo maneno ya kubadilisha.

Hatua ya 7: Kuskani na kupanga

Skani michoro kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu huleta kivuli na hupinda pembeni, kwa hiyo ni afadhali steshenari yenye skana. Kumbuka buluu ya ziwa inayong'aa kwenye skrini hufifia ikichapwa, kwa hiyo toa ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuidhinisha zote.

Kwa herufi, tumia fonti ambayo "a" yake inafanana na ile anayoiandika mwalimu ubaoni. Ipo fonti ya bure iitwayo Andika, iliyotengenezwa na shirika la lugha la SIL mahususi kwa wanaoanza kusoma. Ukubwa uwe kati ya 18 na 22. Maneno yakae mbali na ukingo walau sentimita 1, na picha zinazofika ukingoni zizidi kwa milimita 3 pande zote ili zikikatwa pasibaki mstari mweupe. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, hata kwenye kichwa cha hadithi.

Hatua ya 8: Kuchapa na kushona

Printa nyingi zina chaguo la kijitabu linalopanga kurasa zenyewe. Ukilazimika kupanga kwa mkono, kanuni ni rahisi: kwa kitabu cha kurasa 16, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe 17. Karatasi ya kwanza ina 16 na 1 mbele, 2 na 15 nyuma. Ya pili 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya nne 10 na 7, kisha 8 na 9. Andika namba hizi kwenye karatasi na umpe kijana wa steshenari, utaokoa wino na muda.

Karatasi ya gramu 80 ya kawaida huonyesha picha ya upande wa pili. Omba gramu 120 au zaidi. Ukitaka jalada gumu zaidi, zungushia karatasi nzito nje na uilaminishe, maana mikono ya watoto imetoka kwenye muhindi wa kuchoma na embe. Wino wa maji huchujuka ukilowa, kwa hiyo chapa kwa mashine ya leza kama ipo.

Pini za stapula hupata kutu kwa unyevu wa huku, na kutu hula karatasi. Mimi hupendekeza kushona, na uzi wa kushonea nyavu ni imara kuliko wowote utakaoupata dukani. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu na chini. Ingiza sindano tundu la katikati ukitokea ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa uzi ndani. Rudi ndani kwa tundu la juu. Ukiwa ndani, pita katikati bila kutoboa, utokee nje kwa tundu la chini. Rudi ndani kwa tundu la katikati. Sasa una ncha mbili ndani, kila moja upande wake wa uzi mrefu. Zifunge juu ya uzi huo, kaza, kata. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya kazi hii, na akiifanya atakitunza kitabu kwa namna nyingine kabisa.

Hatua ya 9: Kukitoa nje ya nyumba

Nakala chache za kwanza zipeleke zinakosomwa: darasa la awali lililo karibu, shule ya Jumapili au madrasa, na sehemu ya watoto ya maktaba ya mkoa hapa mjini. Waombe wakuambie baada ya mwezi ni kurasa gani zimechanika. Zilizochanika ndizo zinazopendwa.

Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika na kuchora. Kazi unaweza kuisajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ili uwe na ushahidi siku ya mgogoro. Kama utauza madukani, omba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13, kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kama unataka kitabu kitumike rasmi shuleni, kipelekwe Taasisi ya Elimu Tanzania kikafanyiwe tathmini ili kipate ithibati. Tathmini huchukua muda na ina masharti yake, hivyo isiwe sababu ya kuchelewesha nakala za mtaani. Taasisi hiyohiyo ndiyo inayoratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo imekuwa na kundi la hadithi za watoto. Washindi hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu kule Butiama mwaka 1922. Fuatilia matangazo yao na usome masharti ya urefu kabla ya kutuma.

Njia nyingine ni kukitoa bure mtandaoni. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na shirika la Saide, huruhusu mtu yeyote kuweka kitabu cha picha kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika, na wengine kukipakua, kukichapa na kukitafsiri. StoryWeaver ya Pratham Books ya India hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kubonyeza, kubaliana na mchoraji wako, kwa sababu leseni hizo huwapa wengine ruhusa ya kukibadilisha kitabu mradi wawataje ninyi, na ukishaitoa huwezi kuirudisha. Kwa upande wangu naona faida ni kubwa: mwalimu wa Ukara mwenye simu na printa anaweza kukipata usiku huu, na mwingine anaweza kukigeuza Kikerewe. Ukikiweka huko, pandisha pia faili lenye kurasa zilizokwisha kupangwa kwa jumla ya 17, ili anayechapa asianze kuhangaika upya, na ukurasa wa 2 uandike wazi ni toleo la ngapi.

Nakala za toleo la kwanza zikiisha, usichape zilezile. Toa kile kijitabu cha penseli chenye alama za watoto, rekebisha maneno uliyoyapigia mstari, kisha ndipo uagize nyingine.